Binti yangu alivyoanza kusema: masikio, mikono na kadi

Binti yangu ana sindromu ya Down. Tulijua mapema, kipimo kilipoonyesha kromosomu 47 badala ya 46, ile ya ziada ikiwa ya 21. Moyo, tezi ya shingo, ulegevu wa misuli, hayo tulielezwa kwa kirefu. Kuhusu lugha tuliambiwa tu kwamba atachelewa. Kwa nini achelewe, na sisi tufanye nini wakati huo, hakuna aliyegusia. Basi haya ni yale tuliyoyaokota njiani, na nayaandika hasa kwa mzazi ambaye mtoto wake anaelewa mengi lakini hasemi.

Maana wangu ndivyo alivyokuwa. Ukimwambia alete kiatu cha baba, anakwenda, anavipita vyangu, anarudi na cha baba. Mdomoni lakini hakikutoka zaidi ya "ba". Mtaalamu wa tiba ya usemi, tulipompata, hakushangaa hata kidogo. Wengi wenye hali hii huelewa kuliko wanavyoweza kusema. Ulimi na midomo ni milegevu, kinywa chenyewe ni kidogo, na kumbukumbu ya mambo waliyoyasikia ni fupi: neno linaingia na kupotea kabla hawajalishika. Ila wanachokiona hukaa vizuri zaidi. Hilo la mwisho ndilo tulilolifanyia kazi tangu siku hiyo.

Kabla ya lolote mtaalamu alitaka masikio yapimwe. Tulikuwa na karatasi ya kipimo cha alipozaliwa, alifaulu. Akaitazama, akaniambia, "Mama, hii ni ya wakati ule." Watoto hawa mirija inayotoka sikioni kwenda kooni huwa myembamba, majimaji yanatuama nyuma ya ngoma ya sikio, mara nyingi bila maumivu wala homa, na mtoto anasikia kama mtu aliyezama kwenye maji. Wakamwekea kijimashine kinachosukuma hewa sikioni. Ngoma ikitikisika inavyotakiwa, mchoro unapanda na kushuka kama kilima. Wetu ulitoka mstari bapa, masikio yote mawili. Akawekewa vijibomba vya kupitisha hewa. Hakuanza kuongea kesho yake, wala msitegemee hivyo, lakini alianza kugeuka akiitwa kutoka chumba cha pili. Miongozo ya madaktari wa watoto wa Marekani inataka usikivu wao upimwe kila miezi 6 hadi kila sikio lijulikane hali yake, kisha kila mwaka. Mtu asikwambie alishapimwa, yatosha.

Ndipo tukaingia kwenye ishara za mikono. Chache tu, za vitu anavyovitaka kweli: maji, zaidi, imeisha, nisaidie. Unafanya ishara huku unatamka neno, uso wako ukiwa usawa wa uso wake, na kitu chenyewe kikiwa mbele yenu. Mama mkwe hakupendezwa. "Mwanangu, mkimzoesha mikono, mdomo utalala." Hofu hiyo nimeisikia kwa wengi, hata kwa waliosoma. Mwaka 2006 watafiti wa Marekani walikusanya tafiti zilizofanywa kwa watu wenye ulemavu wa ukuaji waliofundishwa ishara au picha. Katika zile zilizopimwa vizuri, hakuna hata mmoja aliyepungukiwa usemi, na wengi uliongezeka. Lakini mama mkwe huwezi kumwekea utafiti mezani. Nilimpa kikopo cha mapovu ya sabuni, nikamwomba apulize mara moja kisha anyamaze kabisa, asimhimize.

Akapuliza. Akanyamaza. Mtoto akamtazama usoni, akatazama kikopo, akamtazama tena, halafu akagonganisha ncha za vidole vyake: zaidi. Mama mkwe akapuliza. Waliendelea hivyo mpaka sabuni ikaisha, na jioni ile akaja kuniuliza ishara ya "njoo" inafanywaje.

Kule kunyamaza, kwa maoni yangu, kumetusaidia kuliko vifaa vyote. Mtoto huyu anahitaji muda mrefu kulipanga jibu, na mtu mzima hawezi kuvumilia kimya. Anauliza, anajijibu, anaondoka. Mimi huhesabu moyoni hadi kumi. Neno lake la kwanza linaloeleweka lilikuja juu ya ishara ambayo alikuwa ameshaizoea, na kila neno lilipokaa vizuri mdomoni, mkono uliacha wenyewe. Hatukumkataza.

Kadi za maneno zilifuata akiwa bado mdogo, hajui hata herufi. Wazo hili lina historia: mwaka 1980 mwanasaikolojia wa Uingereza, Sue Buckley, alianza kulichunguza baada ya baba mmoja kumweleza jinsi binti yake mwenye sindromu ya Down alivyojifunza lugha kwa kusoma. Kwetu faida ilionekana kwenye vipande vya mwanzo vya kitenzi. Alikuwa akisema "taka maji". Ukimsahihisha kwa sauti, "ninataka", anakubali kwa kichwa na kurudia "taka maji". Tulipoandika "ninataka" kwa rangi mbili, "nina" nyekundu na "taka" nyeusi, akaweka kidole kwenye nyekundu na kuitamka. Sasa akiiruka namgusia kidole hewani tu, anajirekebisha.

Nyumbani tunazungumza lugha mbili, na tulishauriwa tuiache moja. Tulikataa, maana bibi yake anaijua hiyo moja tu. Utafiti wa Kanada wa mwaka 2005 uliwalinganisha watoto wenye sindromu ya Down wa lugha moja na wa lugha mbili, na wa lugha mbili hawakuwa nyuma.

Jambo moja kwa wazazi wa sindromu nyingine. Msichukue ratiba yangu nzima nzima. Mtoto wa Williams huchelewa kuanza, kisha wengi huja kuwa wazungumzaji wazuri. Wa Angelman huenda asiwe na maneno zaidi ya machache, naye picha au kifaa cha kuongea ndiyo sauti yake, kianze mapema. Wa Rett anaweza kuyapoteza maneno aliyokuwa nayo. Ulizeni jina kamili la hali, kisha mtafute mpangilio wake wa lugha.

Wetu anaunga maneno matatu, manne. Wageni hawamwelewi vizuri, matamshi bado ni kazi. Mwalimu wake wa chekechea nimempa daftari lenye safu tatu: anayoyaelewa, anayoyaonyesha kwa ishara, na anayoyatamka pamoja na namna anavyoyatamka. Mwalimu naye huongeza yake. Wiki hii ameandika "sitaki", na pembeni yake, "mara nyingi".