Unamficha nani?

Neno la bibi wa chumba cha mwisho, kazini ninakohudumia wagonjwa, limenikaa kooni tangu Alhamisi. Mnamjua, yule wa Harlem, mtaa wa watu weusi wa New York, anayekataa kulishwa. Nilikuwa namkanda miguu, akamtania mwuguzi wa zamu ya usiku, nikacheka, na mkono ukaenda mdomoni wenyewe kama nilivyofunzwa Tanga.

"Mwanangu, mbona unaziba mdomo?"

"Nimezoea, bibi."

"Unamficha nani? Moms alikuwa akivua meno ndipo apande jukwaani."

Akageukia ukutani, akalala.

Rashidi kapata ile kazi ya bandarini, dada kajifungua salama, kodi imepanda. Mimi nimebaki na "unamficha nani". Iliniuma, kwa sababu nilihisi amemgusa marehemu mama, aliyenifinya kila nilipocheka mbele ya wageni. Mama alinitakia heri. Jibu hilo nimelitoa peke yangu jikoni, ndani ya basi, hata katikati ya sala, Mungu anisamehe.

Jana usiku nikamtafuta kwenye simu huyo Moms Mabley, mchekeshaji mweusi wa Marekani. Jina la kuzaliwa Loretta Aiken, mzaliwa wa Brevard, North Carolina. Mwenyewe alisimulia kwamba alibakwa angali msichana mdogo, akazaa, watoto wakapewa watu wengine. Akaondoka kwao na kuingia kwenye maonyesho ya kuzunguka kumbi za watu weusi. Na hapo ndipo nilipokaa kitako: angali kijana, mzuri wa sura, akajivika ubibi! Gauni la nyumbani, kofia iliyolegea, soksi zimeshuka. Sisi tunajua bibi ana ruhusa gani. Bibi humtania mjukuu, humwita mume, husema ya chumbani na hakuna wa kumkemea. Loretta aliichukua ruhusa hiyo mapema, akaitumia kuwacheka wazee wanaooa mabinti na wazungu wa Kusini waliowabagua watu wake. Wote aliwaita watoto.

Mwaka 1939 alipanda jukwaa la Apollo, ukumbi maarufu wa Harlem, mwanamke aliyechekesha peke yake mahali pa wanaume. Carnegie Hall, ukumbi mkubwa wa New York, ilimfungulia mlango 1962, umri wa ubibi umekwisha kumfikia kweli. Mwaka 1969 akaimba wimbo wa kuwaomboleza viongozi waliouawa, Rais Lincoln, Martin Luther King na wale ndugu wawili, John na Robert Kennedy, bila utani hata kidogo. Nimeusikiliza nikalia, kisha nikarudi kwenye vichekesho vyake nikacheka mpaka Rashidi akaamka kuuliza kuna nini. Mikono yote miwili ilikuwa imeshika simu.

Kumbe bibi alinikaribisha nicheke wazi. Jumatatu nitamwekea rekodi zake, asikilize nikimkanda miguu.

Theluji inatabiriwa usiku huu na matairi ya gari bado ni yale ya kiangazi. Rashidi anaanza zamu saa kumi alfajiri, na barabara ya darajani hawaimwagii chumvi mapema.