Ugonjwa Mmoja Wenye Sura Tatu

Viungo vya ndani vya mnyama nilivijulia nyumbani kwetu Mji wa Kale, Mombasa, miaka mingi kabla ya kuingia chuo. Kila Idd kubwa, mbuzi akishachinjwa na kuchunwa, nyanya yangu alikaa na masinia matatu mbele yake: katika moja aliweka maini, moyo na figo, katika la pili mapafu na bandama, na katika la tatu matumbo yaliyongoja kuoshwa kwa ndimu. Ini lenye mifereji minene iliyokakamaa alilitupa bila ya kumshauri mtu. Baadaye sana nilijua kwamba mifereji ile ilikuwa njia za nyongo zilizoharibiwa na minyoo bapa.

Nilipofika mwaka wa tatu wa utabibu wa mifugo huko Kabete, tulianza kusoma magonjwa kwa mifumo ya mwili, nami nikayaona masinia yaleyale yamegeuka sura za kitabu: moyo na mishipa ya damu, upumuaji, mmeng'enyo wa chakula, mkojo, neva, ngozi. Mpango huo nauheshimu. Kiungo hakina njia nyingi za kuonyesha kwamba kimeumia. Pafu hujaa maji au usaha, hukakamaa kama ini, au husinyaa, na mwanafunzi asiyejua jinsi pafu zima linavyobonyea kidoleni hawezi kulitambua bovu. Tatizo langu lilikuwa kwamba niliyahifadhi magonjwa kana kwamba kila moja ni mpangaji wa sura yake, mwenye chumba kimoja na ufunguo wake.

Likizo ya Disemba nilivuka feri kwenda Mtongwe kwa ami yangu, ambaye alikuwa amenunua mbuzi 12 katika mnada wa Mariakani. Mmoja wao alikuwa akitembea kwa kunyanyua miguu ya mbele kupita kiasi, akitafuna ilhali hana kitu kinywani, kisha akaanguka ubavu na kupiga miguu kama anayekimbia. Alikufa kabla ya adhuhuri.

"Mwanangu, kitazameni kichwa kwanza, maana ugonjwa umeanzia huko," alisema ami.

"Naam, ami," nilimjibu, na moyoni nilikubaliana naye, kwa kuwa dalili zote zilikuwa za sura ya neva.

Daktari wa mifugo tuliyemwita hakuharakisha kushika kisu. Alikagua kwanza pua, mdomo na sehemu ya haja aone kama kuna damu isiyoganda, kwa sababu mzoga wa kimeta haupasuliwi: vijidudu vyake vikipata hewa hujenga chembe ngumu zinazodumu udongoni kwa miaka mingi. Aliuliza pia kama mbuzi yule alipata kuumwa na mbwa, akatuvisha glavu, ndipo akaanza. Alipofungua kifua, maji ya manjano hafifu yalimwagika hadi kwenye nyasi. Mfuko unaouzunguka moyo ulikuwa umetuna kwa maji hayohayo, mapafu yalikuwa mazito na mabichi, na koo la hewa lilijaa povu jeupe. Ami alitamka maneno mawili tu, jina la ugonjwa wenyewe: "Maji moyo."

Nilisimama pale nikijiuliza ugonjwa huu niuweke katika sura ipi, kwa kuwa miguu ya mbuzi ilisema neva, povu lilisema mapafu, na jina lilisema moyo. Ukweli ni kwamba hauna sura yake peke yake. Kijidudu chake, *Ehrlichia ruminantium*, huingizwa mwilini na kupe wa jamii ya *Amblyomma*, wale wakubwa wenye mgongo wa rangirangi, kisha huishi ndani ya seli zilizotandazwa kwa ndani katika mishipa midogo ya damu. Mishipa hiyo ikianza kuvuja, maji huenda popote penye nafasi. Msuli wenyewe wa moyo mara nyingi hauna kasoro kubwa. Kinachomuua mnyama zaidi ni mapafu yaliyofurika na ubongo uliovimba.

Mtaalamu wa wadudu Charles Lounsbury alionyesha huko Afrika Kusini mwaka 1900 kwamba kupe ndiye mwenezaji, lakini kijidudu hakikutambuliwa mpaka 1925, mtafiti Edmund Cowdry alipokiona ndani ya seli za mishipa. Kwa hiyo uthibitisho hautafutwi moyoni. Daktari alichukua kipande cha ubongo kisichozidi punje ya mchele, akakiponda kati ya vioo viwili, na baada ya kukitia rangi ya Giemsa tuliona kwa hadubini vishada vya nukta za zambarau karibu na kiini cha seli. Ami alikuwa amesema kweli kuhusu kichwa, ingawa kwa sababu nyingine.

Tangu siku hiyo nina daftari la pili, ambalo sikulipanga kwa viungo. Kila ugonjwa nauandikia kwanza mahali unapogusa mwanzo, kisha njia unayopita. Ndigana kali, ambayo kwa Kiingereza ilipewa jina la pwani yetu ya Afrika Mashariki (East Coast fever), nilikuwa nimeiweka katika upumuaji kwa sababu ng'ombe hufa akitokwa na povu puani. Sasa nimeiandika chini ya seli nyeupe za damu, ambazo kijidudu chake, *Theileria parva*, huzilazimisha kuongezeka bila kikomo, zikavimbisha tezi za karibu na sikio na hatimaye kuvamia mapafu. Daftari hili halichukui nafasi ya lile la kwanza, kwa kuwa bila sura za viungo nisingejua hata maji yale ya Mtongwe yalikuwa mengi kuliko kawaida.

Kabla ya kuondoka, daktari aliwapima joto mbuzi 11 waliobaki. Wawili walifika nyuzi 41, nao walikuwa bado wakila majani kama wenzao. Aliwadunga antibiotiki ya oksitetrasiklini palepale, akinieleza kwamba dawa hiyo hufaa wakati wa homa, na kwamba miguu ikishaanza kunyanyuka mara nyingi huwa imechelewa. Wote wawili walipona. Katika daftari langu la viungo homa haikuwa na ukurasa wake. Katika hili jipya nimeiandika juu kabisa, pamoja na tarehe na joto la mbuzi wale.