Kutoka Harlem mpaka Durham, nikimfuata Mary Lou Williams

Safari yenyewe nilianza kwa kupotea na sina wa kumlaumu. Natafuta nyumba aliyokuwa anaishi Mary Lou Williams, mpiga piano wa jazz wa Marekani, na kwenye daftari nimeandika "63 Hamilton" basi, nikashuka treni ya chini kule upande wa Broadway, Harlem, New York, nikaanza kuipanda Hamilton Place na kuishuka natafuta namba 63, mpaka mama mmoja mtu mzima anakokota kitoroli cha manunuzi akanionea huruma. Nikamweleza. Akacheka, "Hiyo ni Terrace mwanangu, hapa ni Place," akaninyooshea kidole huko mbele.

Nikavuka Amsterdam, nikavuka Convent, nikaipata. Kamtaa kafupi, kametulia, jengo la fleti na mlango umefungwa, na mimi simjui mtu hata mmoja mle ndani wa kumgongea. Nikabaki nimesimama nje kama mdai. Humo ndo alikuwa anaishi Mary Lou Williams miaka ya 40, anatoka kupiga piano klabu ya Café Society usiku wa manane anarudi zake nyumbani, na wanaomfuata ni Thelonious Monk, Bud Powell, Tadd Dameron, Dizzy Gillespie, yaani wale wote ambao leo tunawaita mababa wa bibop, ile jazz mpya ya miaka ya 40, wanamletea walichotunga, wanakaa kwenye piano yake mpaka kunakucha, hapa vipi dada, pale vipi. Darasa halina ada wala cheti.

Niseme kwanini nilimfuata huyu na sio hao wanaume. Mimi napiga kinanda kanisani na nafundisha watoto kidogo, na kuna dogo mmoja nilimrudisha nyumbani aniletee daftari la nota kwanza, maana yeye anasikia wimbo mara moja anaupiga, nota hajui hata moja, nikaona huyu ataniharibia wenzake. Halafu nikaja kusoma habari za Mary Lou nikaishiwa nguvu. Kazaliwa Atlanta 1910, mama yake alikuwa anapiga kinanda amempakata mapajani, siku moja katoto kakanyoosha vidole kakarudia kile kile mama alichotoka kupiga. Mama akakurupuka kwenda kuita majirani. Na baada ya hapo alikataa mwalimu yeyote asimfundishe, akiogopa sikio la mtoto litakufa. Mwalimu mkubwa vile na hakuwahi kupelekwa kwa mwalimu!

Wakahamia Pittsburgh, majirani weupe wakawa wanawarushia matofali madirishani, mpaka hako katoto kalipoanza kuwapigia piano majumbani mwao ndo wakatulia. Baba wa kambo alikuwa anamficha ndani ya koti lake kubwa anamuingiza kwenye nyumba za kamari akapige, kofia inazungushwa, hela zinaingia. Baadaye Kansas City na bendi ya Andy Kirk, muziki anaupanga kichwani, Kirk anamwandikia, mpaka akajifunza kuandika mwenyewe. Kwahiyo nota zilikuja, ila zilikuja nyuma ya sikio.

Kesho yake nikavuka mto kwenda Newark, kwenye maktaba ya Chuo Kikuu cha Rutgers ambako makaratasi yake yamehifadhiwa. Nilichotaka mimi ni ule mti. Kuna mchoro wa historia ya jazz aliochorewa na David Stone Martin, mti mkubwa, mizizi yake ni mateso, shina linapanda na nyimbo za kiroho, ragtime, swingi, bibop, majani yana majina ya wanamuziki. Halafu upande mmoja matawi makavu hayana jani, huko ndo kaiweka jazz ya majaribio. Hapo mimi na bibi tunagombana kidogo. Maana mwaka 1977 huyo huyo alikwenda ukumbi wa Carnegie Hall akapiga jukwaa moja na Cecil Taylor, mfalme wa hayo matawi makavu! Watu wengi wanasema hawakuelewana kabisa. Ila alikwenda.

Asubuhi na mapema nikapanda treni ya kwenda kusini, kama masaa kumi hivi mpaka Durham, North Carolina. Ukifika Washington wanabadilisha injini, ya umeme inatolewa inafungwa ya dizeli, kwahiyo taa zikazima, ule mvumo wa hewa ukakata, behewa zima kimya, unasikia mtu huko nyuma anatafuna chipsi. Nikawaza yeye 1954 akiwa Paris aliacha kupiga kabisa, kama miaka mitatu hivi. Akawa mtu wa sala, 1957 akabatizwa Mkatoliki, akafungua duka la mitumba ili asaidie wanamuziki waliomalizwa na pombe na madawa. Dizzy na mapadri ndo walimsukuma arudi. Na aliporudi alitunga misa za jazz, moja ikapigwa kanisa kuu la St. Patrick's, New York, mwaka 1975. Taa zikawaka, tukaendelea.

Durham stesheni yenyewe ilikuwa ghala la tumbaku zamani. Chuo Kikuu cha Duke walimchukua 1977, ana miaka 67, digrii hana, anafundisha historia ya jazz pamoja na padri Peter O'Brien aliyekuwa meneja wake, na bendi ya wanafunzi anaiongoza. Aliendelea hata kansa ilipomshika. Alifia hapo hapo Durham, 28 Mei 1981, akazikwa Pittsburgh. Miaka miwili baadaye chuo kikafungua kituo cha utamaduni wa watu weusi chenye jina lake. Nilifika jioni, wanafunzi wamejilaza na laptopu zao, mmoja kavua viatu, hakuna aliyenishangaa. Nikakaa kwenye kochi karibu saa nzima, miguu inauma.

Usiku hotelini nikamtumia yule dogo voisi, nikamwambia Jumapili aje, daftari aliache.

Akajibu: "Sawa mwalimu. Kwani lilishapotea."