Jinsi nilivyooanisha fomu za kujazia taarifa katika programu ya simu

Programu yetu ya kuandikisha wakulima ilikuwa na fomu tatu, na kila moja iliuliza namba ya simu kwa namna yake: ya kwanza ilikubali namba inayoanza na 0, ya pili ilidai +255 (msimbo wa simu wa Tanzania), na ya tatu ilipokea chochote, hata nafasi na vistari. Kwa hiyo mkulima mmoja alihifadhiwa kama watu watatu, jambo lililoniuma kwa sababu ujumbe wa malipo haukumfikia.

Niliandika kisanduku kimoja cha kujazia namba ya simu, kinachotumiwa na fomu zote. Hufungua kibodi ya tarakimu, huondoa nafasi na vistari, kisha huhifadhi +255 ikifuatwa na tarakimu 9, hata kama mjazaji ameanza na 0.

Saa ndiyo iliyonisumbua zaidi. Karani aliyejaza saa 2 alimaanisha asubuhi, lakini programu ilihifadhi 2:00, ambayo kwetu ni saa 8 usiku. Kuongeza saa 6 kimyakimya kungezaa kosa jingine, kwa kuwa baadhi ya makarani walikwisha kuzoea saa ya simu. Niliweka uchaguzi wa asubuhi, mchana, jioni na usiku, na chini yake programu huonyesha muda huo kwa mfumo wa saa 24 ili karani athibitishe kabla ya kuhifadhi.

Tarehe zilikuwa rahisi: siku, jina la mwezi, mwaka. Kumbukumbu za zamani zilizojirudia niliziunganisha moja moja, baada ya kumpigia simu kila mkulima.