Jinsi nilivyoichunguza giaboksi ya otomatiki kabla ya kukubali kuibadilisha

Gari langu ni Toyota Corona ya mwaka 1995, yenye giaboksi ya otomatiki ya gia 4 inayoongozwa kwa umeme. Lilianza kuwa zito kila lilipoondoka, na kwenye mlima wa kutoka Mbale kwenda Kapchorwa injini ilinguruma huku gari likitambaa. Wakati huohuo taa ya O/D OFF kwenye dashibodi, ambayo huonyesha kuwa O/D (ovadraivu, gia ya juu kabisa) imezimwa, ilikuwa ikiwaka na kuzimika bila mtu kugusa swichi. Gereji ya kwanza niliyoiendea haikufungua hata boneti. Niliambiwa giaboksi imekufa, nikatafute nyingine ya mtumba kwenye soko la vipuri la Kisekka, Kampala. Sikuona haraka ya kufanya hivyo. Tangu sheria ya 2018 izuie kuingiza Uganda magari yaliyopita miaka 15, Corona za umri huu haziji tena, na anayenunua giaboksi yake ya mtumba hawezi kujua imetembea kilomita ngapi.

Nilianza na oili, kwa kuwa kuipima ni bure. Giaboksi ya aina hii hupimwa ikiwa imepata moto na injini ikiwa inaunguruma: mkono wa gia hupitishwa polepole katika nafasi zote kisha hurudishwa P (ya kuegesha), ndipo kijiti cha kupimia oili huchomolewa, na alama ya kusoma ni ile ya HOT (moto). Oili yangu ilifika kwenye alama, ilikuwa imefifia kidogo lakini bado nyekundu, na haikunuka kuungua. Jambo hili lilinipa matumaini, kwa sababu klachi za ndani zinapoungua, oili huwa nyeusi na harufu yake haifichiki.

Fundi mmoja mzee wa Mbale, ambaye hufanya kazi ya umeme wa magari peke yake, ndiye aliyenionyesha jambo lililobaki. "Kijana, gari limekuandikia barua, na wewe hujaisoma," aliniambia. Chini ya boneti kuna kisanduku kidogo cha plastiki chenye kifuniko; ndani yake alinionyesha matundu mawili, TE1 na E1, akayaunganisha kwa kipande cha waya, kisha akawasha swichi ya gari bila kuiwasha injini. Taa ya O/D OFF iliwaka mara 6, ikatulia kidogo, ikawaka mara 2. Hiyo ni namba ya kosa 62, nayo huelekeza kwenye solenoidi ya kwanza ya kubadilisha gia (vali ndogo ya umeme inayoelekeza oili) au waya zake. Kama hakuna kosa lililohifadhiwa, taa huwaka na kuzimika mfululizo bila kupumzika.

Solenoidi hiyo isipofanya kazi, gari likiwa D (ya kwenda mbele kwa kawaida) huondoka kwa gia ya tatu badala ya ya kwanza, ndiyo maana mlima ulilishinda. Tulithibitisha kwa kuweka mkono wa gia kwenye L (gia ya chini), ambako gia ya kwanza hupatikana bila kuitegemea solenoidi hiyo: gari lilipanda kwa nguvu zake zote. Kama klachi ya kwenda mbele ndiyo ingekuwa imekwisha, L nayo ingeteleza. Kwangu mimi jaribio hilo la dakika chache lina thamani kuliko maneno yote niliyosikia gereji, na linahitaji kilima tu.

Kisha alipima upinzani wa solenoidi kwa mita. Nzima husoma omu 11 hadi 15. Yangu haikusoma kitu, yaani waya wake wa ndani ulikuwa umekatika. Tulimwaga oili, tukafungua sampo (bakuli la oili chini ya giaboksi), na hapo nilitazama sumaku zake kwa makini: zilikuwa na ungaunga laini wa kijivu, ambao ni wa kawaida kwa giaboksi iliyofanya kazi miaka mingi, bila vipande vya chuma, wala vya shaba ndani ya sampo. Solenoidi ilibadilishwa, filta na gasketi pia. Anayefanya kazi hii akumbuke kwamba oili inayomwagika ni sehemu tu ya iliyomo, kwani nyingine hubaki ndani ya konveta, sehemu inayounganisha injini na giaboksi kwa oili. Kwa hiyo airudishe kidogokidogo huku akipima, na atumie aina iliyoandikwa kwenye kijiti chenyewe. Mwisho tulichomoa fyuzi ya EFI (ya kompyuta ya injini) kwa muda mfupi ili kufuta namba iliyohifadhiwa.

Uzito uliisha, lakini asubuhi zenye baridi O/D ilikuwa bado inachelewa sana kuingia. Hili halikuwa tatizo la giaboksi. Mtu aliyelimiliki gari kabla yangu alikuwa ameiondoa thamostati, vali inayozuia maji kwenda kwenye rejeta hadi injini ipate moto, kama mafundi wetu wengi wanavyopenda kufanya kwa kuogopa injini kuchemka, na kompyuta ya gari hairuhusu O/D wakati maji ya injini bado ni ya baridi. Nilinunua thamostati mpya kwa bei ndogo, ikafungwa, na sasa O/D huingia kabla sijaumaliza mji.