Kisima changu kimepata 9.3 kati ya 10 kwenye kipimo cha hatari ya kuingiliwa na maji ya bahari, na hapo ndo nimefeli

Chai ndo ilinishtua. Waifu kaniuliza umeweka chumvi badala ya sukari, nikajua utani, kuonja kweli ina chumvichumvi, ndo nakumbuka sabuni ina wiki kadhaa haitoi povu na mchicha wa nyuma ya nyumba majani yameungua pembeni. Tupo Kunduchi, Dar, mita 400 hivi toka baharini, kisima kina mita 40, tulikichimba 2022 mto Ruvu ulivyopungua na mgao wa maji ukawa mkali, kama nusu ya mtaa walivyofanya. Nikanunua kale kamita ka TDS, kanakopima chumvi na madini yaliyoyeyuka kwenye maji, nikachovya: 1,900.

Nikampigia fundi. Wala hakufikiria, "bosi tushuke mpaka 60, huko chini maji matamu". Nusura nimtumie hela. Aliyeniokoa ni mpwa wangu anasoma mambo ya maji chuo, kaja jumamosi na kamba, daftari na dampi leveli (kifaa cha wapimaji cha kulinganisha usawa) ya kuazima, anasema mjomba kabla hujashuka tujue kwanza maji yako yamesimama wapi ukilinganisha na bahari.

Sasa hapo ndo kazi. GPS ya simu kwenye mwinuko inakosea mita kadhaa, haifai, na bahari yenyewe haitulii, wakati wa bamvua huku kwetu inapanda na kushuka zaidi ya mita 3, utasema usawa wa bahari ni upi? Tukaweka alama maji yalipojaa, tukarudi yalipokupwa, tukachukua katikati (wapimaji mnisamehe), halafu tukapanda na leveli kipande kwa kipande mpaka getini. Mdomo wa kisima uko mita 5 juu ya bahari. Pampu tulikuwa tumeizima toka usiku, kamba ikagusa maji mita 4.3 toka mdomoni. Yaani maji yangu yameizidi bahari sentimita 70 tu.

Dogo akaandika 0.7 mara 40. Maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, ni mepesi kuliko ya bahari kwahiyo yanaelea juu yake humo humo mchangani, na kila mita moja iliyosimama juu ya usawa wa bahari inabeba kama mita 40 za maji baridi chini ya usawa huo, ni hesabu ya Ghyben na Herzberg, ina zaidi ya miaka mia. Kwangu inatoka mita 28. Kitako cha kisima kiko mita 35 chini ya bahari. Nilishapitiliza, na fundi anataka niongeze 20! Tena mpaka wa maji baridi na ya chumvi wenyewe sio mstari, ni ukanda wa mchanganyiko, na ukiwasha pampu unanyanyuka chini yake kama kichuguu.

Baadae akanionyesha GALDIT, njia ya kupima hatari ya maji ya bahari kuingia kwenye maji ya chini ya ardhi, waliyoitoa Chachadi wa Goa na Lobo Ferreira wa Ureno mwaka 2001. Unaangalia vitu 6: aina ya mwamba au mchanga unaotunza maji, unavyopitisha maji, usawa wa maji juu ya bahari, umbali toka ufukweni, chumvi iliyopo tayari, na unene wa tabaka. Kila kimoja unakipa alama 2.5 mpaka 10, unazidisha na uzito wake, unajumlisha, unagawa kwa 15 (jumla ya uzito wote). Ikivuka 7.5 hatari kubwa, chini ya 5 ndogo. Kupitisha maji tulikisia tu kwa kuangalia mchanga, chumvi tulipeleka maabara. Nikapata 140, gawa 15, ndo hiyo 9.3.

Kilichonishangaza ni uzito. Chumvi, hii hii inayoniharibia chai, ina uzito wa 1. Usawa wa maji na umbali vina 4 kila kimoja. Mwanzoni niliona ujinga, ila ukifikiria kamita kangu kananiambia kilichokwisha kutokea, GALDIT inauliza kitakachotokea. Shemeji yuko kilomita 1.3 toka ufukweni, maji yake yamesimama mita 3 juu ya bahari, mchanga ule ule, kapata 4.8 na anatamba kweli.

Umbali siwezi kubadilisha, siwezi kuhamisha nyumba. Kinachochezeka ni ule usawa tu, na hata ukipanda ukavuka mita 2 nashuka mpaka 7.3, hatari ya kati. Na haupandi kwa mimi kuzima pampu peke yangu wakati mtaa mzima unavuta, maana chini huko hamna ukuta kama huku juu.

Nilichofanya: pampu nimeinyanyua toka mita 34 mpaka 14, tunavuta kidogo kidogo mara tatu kwa siku badala ya kujaza tanki kwa mkupuo, maji ya mvua ya paa yanaingia kwenye shimo la kokoto yazame ardhini. Wiki ya tatu kamita kanasoma 1,420. Chai bado tunapikia maji ya kununua.

Jana asubuhi rigi imeingia kwa jirani wa nyuma. Nimesogea kwenye uzio nikamuuliza mnashuka ngapi, kanijibu anacheka, "sabini mzee, tusije tukaonja chumvi kama nyie".