Siku Moja Nikiihesabu Foleni ya Wagonjwa wa Dharura

Saa 1:00 asubuhi. Natoka Chumbageni kwa baiskeli kuelekea hospitali moja hapa Tanga, ambako naunda modeli ya kompyuta inayoiga idara ya dharura.

Saa 1:30. Zamu zinakabidhiana. Nakaa pembeni ya mapokezi na kuandika kila mgonjwa alivyoingia, rangi aliyopangiwa kulingana na uzito wa hali yake na muda aliomwona daktari. Daftari la idara halinifai sana, kwani limejaa 2:00, 2:15, 2:30, kana kwamba wagonjwa huja kwa ratiba ya basi. Nilipouliza, sista alinijibu, “Mwanangu, mkono mmoja umekandamiza jeraha, dakika hesabu wewe.”

Saa 4:00. Naingiza takwimu. Ndani ya modeli wagonjwa hufika kwa nasibu, na nasibu hiyo ndiyo mama wa foleni. Kwa hesabu ambazo Agner Krarup Erlang wa Denmark alizianzisha mwaka 1909 akichunguza simu, mhudumu mmoja akishughulika asilimia 80 ya muda wake, waliopo kwake kwa wastani ni watu 4. Akifikia asilimia 90, ni 9. Ndiyo maana simwelewi bosi anayekasirika akimwona daktari ameketi.

Saa 8:00 mchana. Daktari kiongozi anataka daktari wa pili usiku. Namwongeza kwenye modeli: foleni ya mlangoni inapungua, vitanda vinabaki vimejaa, kwa sababu waliokwisha kuonwa bado wanasubiri majibu ya maabara. Kanuni aliyoithibitisha John Little mwaka 1961 inatosha kulieleza hilo: wakiingia 5 kwa saa na kila mmoja akikaa saa 4, ndani wamo 20, nasi tuna vitanda 14.

Saa 9:30. Nasimama karibu na trei ya sampuli. Kichupa cha kwanza cha damu kinakaa dakika 35 kikisubiri wenzake, ndipo mhudumu anavibeba vyote pamoja.

Saa 10:30. Naiendesha modeli mara 500, maana mara moja ni bahati ya siku moja tu, huku trei ikipelekwa kila dakika 15. Vitanda vinapumua zaidi kuliko nilipomwongeza daktari. Namwonyesha kiongozi; anatazama grafu, kisha ananiuliza, “Na usiku, mhudumu akiwa peke yake anasukuma machela kwenda wodini, trei ataibeba nani?”

Sikuwa na jibu. Mhudumu wangu wa kwenye kompyuta hakuwahi kuondoka mezani.

Saa 1:00 usiku. Nafuta mistari ya modeli niliyoiandika asubuhi. Kesho nitaingia zamu ya usiku na saa yangu, nimfuate mhudumu huyo kila aendako.